Mavi ya Chuma ya Matanuri ya Kale: Mwongozo Kamili wa Kutambua Madini Yaliyomo

Jiwe jeusi, zito kuliko ukubwa wake, lenye matundu kama mkate wa kumimina na alama za vipande vya mkaa ubavuni: hayo ni mavi ya chuma. Ndicho kilichobaki mtapo (jiwe au mchanga wenye chuma) ulipochomwa kwa mkaa na kupulizwa kwa mivukuto. Sehemu ya chuma ilijikusanya ikawa donge la kufuliwa. Mchanga wa mtapo, udongo wa tanuri, majivu, na chuma kingi ambacho moto ulishindwa kukitoa, viliyeyuka pamoja vikaganda.

Pwani na bara letu lina mavi haya kwa wingi. Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, chuma kiliyeyushwa katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Dakawa mkoani Morogoro kuna masalia ya uyeyushaji ya milenia ya kwanza. Katika zama za kati biashara ya chuma cha pwani ilikuwa imeshajulikana mbali: mwanajiografia al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kwamba watu wa Malindi wanachimba chuma na kukiuza.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeko Dar es Salaam, awe mwanafunzi, mwalimu, mhifadhi wa makumbusho au mpenda mawe, anayetaka kujua ndani ya jiwe hilo mna madini gani. Tuliweke wazi mapema: uso wa nje wa mavi ya chuma ya pwani hausemi kweli. Umefunikwa na kutu na chumvi ya karne nyingi. Madini yaliyozaliwa tanurini yako ndani, na bila kukata na kung'arisha hutayaona.

Kibali kwanza

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu na majengo yaliyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuchimba ili kuvitafuta kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali chake. Utafiti rasmi hupitia pia Tume ya Sayansi na Teknolojia. Usiseme moyoni kwamba haya ni mavi tu, nani atayajali. Rundo la mavi pamoja na mahali lilipo ndio ushahidi wenyewe. Ukibeba vipande vitano vizuri ukaacha vingine, umeharibu hesabu ya uwiano ambayo haiwezi kurudishwa.

Ukikuta rundo kwenye shamba au kiwanja kinachojengwa, piga picha ukiweka rula kando, andika vipimo vya GPS, angalia kama kuna vipande vya mabomba ya udongo yaliyopitisha hewa ya mivukuto, kisha acha vitu vilipo na utoe taarifa. Kwa mazoezi tumia vipande vya kufundishia vilivyokwisha kupoteza mahali pake, au mavi ya wahunzi wa leo.

Mwenye kibali asichague kwa macho. Weka miraba ya mita 1 kwa 1, pima uzito wa mavi yote ya kila mraba, yapange kwa aina (yaliyotiririka, yaliyoganda chini ya tanuri, yenye alama za mkaa, yaliyoshikana na udongo), kisha chukua angalau vipande 3 vya kila aina, kila kimoja gramu 100 hadi 200. Donge moja halitoshi kwa lolote. Tanuri lilelile hutoa mavi tofauti karibu na bomba la hewa na mbali nalo.

Madini utakayokutana nayo

Majina haya yatarudi mara kwa mara, hivyo yazoee kabla ya kushika jiwe. Namba za mwisho ni msongamano kwa gramu katika sentimita moja ya ujazo.

- Fayalaiti, Fe₂SiO₄, 4.4. Ndiyo uti wa mgongo wa mavi ya chuma. Huyeyuka kwenye nyuzi 1205 za Selsiasi.
- Wustaiti, FeO, karibu 5.7. Chuma kilichofungwa na oksijeni, hakikufika kwenye donge.
- Magnetaiti, Fe₃O₄, 5.2. Hutokea pale hewa ilipokuwa nyingi.
- Hersinaiti, FeAl₂O₄, 4.0 hadi 4.3. Alama ya alumini, mara nyingi kutoka kwenye udongo.
- Ulvospineli, Fe₂TiO₄, na ilmenaiti, FeTiO₃. Alama ya titaniamu, yaani mtapo wa mchanga mweusi.
- Leusaiti, KAlSi₂O₆, 2.5. Alama ya potasiamu ya majivu ya mkaa.
- Kioo, ambacho hakina umbo la fuwele: kimiminika cha mwisho kilichoganda kabla hakijapata nafasi ya kujipanga.
- Chuma chenyewe, 7.9, katika matone madogo.

Kuna kundi la pili ambalo halikuzaliwa motoni: madini ya kutu. Gothaiti ya rangi ya manjano-kahawia ndiyo ya kawaida, na pwani kuna akaganaiti, ambayo huhitaji klorini kutoka kwenye chumvi ya bahari ili ijijenge. Ukiiona akaganaiti, ndani kuna au kulikuwa na chuma halisi kinachoendelea kuoza.

Shirika la kimataifa la madini, IMA, tangu kanuni zake za mwaka 1995 halikubali kitu kilichotokana na kazi ya binadamu kupewa jina la madini mapya. Fayalaiti ya tanurini inaitwa hivyo kwa sababu inalingana na fayalaiti ya miamba, na katika ripoti rasmi andika "awamu ya fayalaiti" ukitaka kuwa sahihi kabisa.

Majaribio ya mezani

Vifaa vya hatua hii ni rahisi: brashi ya nailoni, sumaku ndogo yenye nguvu, mizani ya vito inayosoma gramu 0.01, uzi, kikombe cha plastiki, kipande cha kigae kisichong'arishwa, na lenzi ya kukuza mara 10.

Osha kwanza. Huu si usafi wa kawaida tu: mchanga mzito wa fukwe za Kigamboni una punje nyeusi za ilmenaiti, na punje za magnetaiti zilizoganda kwenye matundu zitaivuta sumaku ukadhani ni jiwe linalovuta. Tumia maji na brashi ya nailoni. Brashi ya waya inaacha chembe za chuma kipya, na chembe hizo zitakusumbua hadi maabara.

Sasa funga sumaku kwenye uzi uisogeze. Fayalaiti na wustaiti hazivutwi kwa nguvu katika joto la kawaida, kwa hiyo mavi ya kuyeyushia chuma mara nyingi huivuta sumaku kidogo au kwa madoa. Ikivutwa kwa nguvu kila upande, ndani kuna chuma, magnetaiti, au magamba ya nyundo, yaani vipande vyembamba vinavyoruka mhunzi anapofua. Mvuto mkali si uthibitisho kwamba jiwe ni mavi ya chuma. Wengi hukosea hapo.

Mchirizi, yaani rangi ambayo jiwe huacha likisuguliwa kwenye kigae: ugumu wa mavi haya ni kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, hivyo yanaweza kukichana kigae badala ya kuacha rangi. Ponda kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, sugua unga wake. Unga wa kijivu au mweusi ndio tunaoutarajia. Manjano-kahawia ni gothaiti ya juu. Nyekundu ya damu ya mzee ni hemataiti, oksaidi nyekundu ya chuma, na pengine ulichoshika si mavi bali mtapo au changarawe nyekundu ya kawaida.

Msongamano ndio kipimo cha mezani tunachokiamini zaidi. Loweka kipande saa 24 ili matundu yajae maji. Kifute juu juu, kipime: tuseme gramu 84.00. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha mizani sifuri, kisha ning'iniza kipande kwa uzi kizame chote bila kugusa chini wala ubavuni. Namba inayotokea, tuseme 23.00, ni uzito wa maji yaliyosogezwa. Gawanya: 84.00 kwa 23.00 ni 3.65. Mavi ya chuma yenye fayalaiti nyingi huangukia kati ya 3 na 4 kutegemea matundu yaliyofungwa ndani. Kioo cha kawaida huwa karibu 2.5, na jiwe la matumbawe halizidi 2.7. Kipande kikigusa chini ya kikombe, mizani itabeba uzito wake na jibu litashuka bila wewe kujua. Rudia mara tatu. Tofauti ikizidi 0.05, tafuta povu la hewa lililonasa.

Mkoani Dar es Salaam kuna vitu vinne vinavyowadanganya watu. Klinka ya saruji ni vijiwe vya kijivu vya mviringo, ndani kijivu kilekile bila mng'ao. Mavi ya viwanda vya nondo ni ya kisasa, mara nyingi na vipande vya chuma safi au rangi za oksaidi mpya. Udongo ulioungua kwenye tanuu la chokaa una ngozi ya kioo ya kijani au kijivu lakini ni mwepesi. Changarawe nyekundu ngumu ina punje za mviringo zilizogandamana, haina alama za kutiririka wala za mkaa.

Kuondoa chumvi kabla ya kukata

Hatua hii watu huiruka kwa haraka, kisha wiki mbili baadaye sampuli iliyong'arishwa vizuri inatoka jasho la kahawia. Chumvi ya bahari iliyonasa ndani ya matundu huanza kazi upya mara hewa yenye unyevu wa Dar inapoingia kwenye mkato mpya.

Zamisha vipande kwenye maji yaliyotoneshwa, mara tano ya ujazo wa vipande. Maji ya betri ya vituo vya mafuta yanafaa, lakini hakikisha chupa ni ya maji na si asidi ya betri. Zinauzwa rafu moja. Badilisha maji kila saa 24. Kuanzia siku ya nne chukua kijiko cha maji hayo, dondosha tone la asidi ya nitriki iliyozimuliwa na tone la nitrati ya fedha. Yakiwa meupe kama maji ya mchele, klorini bado ipo. Yakibaki safi, toa vipande, vikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 60 kwa saa 24. Usipandishe hadi 200 kwa kutaka haraka: gothaiti itaanza kugeuka hemataiti, nawe utaripoti madini uliyoyapika mwenyewe.

Kukata, kumimina, kusugua

Kata kwa disiki ya almasi yenye maji. Kukata kwa kavu kunarusha vumbi la silika, na mavi ya shaba au risasi yanaongeza sumu juu yake. Barakoa ya kitambaa haizuii. Chagua mkato unaopita kutoka ngozi ya juu hadi chini ya donge, kwa sababu fuwele hubadilika kwa kina. Weka alama ya mshale wa "juu" kabla ya kukata. Kipande cha sentimita 2 kwa 2 kinatosha. Nusu nyingine iache ilivyo.

Kwa kalibu, kata pete za bomba la PVC lenye kipenyo cha milimita 30, kimo cha milimita 20, uzipake vaselini ndani na kuzisimamisha juu ya karatasi ya nailoni. Weka kipande uso chini. Changanya epoksi (gundi ya kumimina inayoganda) kwa uwiano ulioandikwa kwenye chupa, kwa mizani na si kwa kukadiria. Epoksi iliyokosewa hubaki laini na itanasa punje za msasa. Mchana wa Februari, nyuzi 32 ndani ya chumba, epoksi huanza kushika mapema kuliko maelezo ya chupa. Fanya alfajiri au kwenye chumba cha kiyoyozi, na usichanganye zaidi ya gramu 100 kwa mara moja, kwani kiasi kikubwa hujichemsha chenyewe na kutoa moshi.

Matundu lazima yajae. Pampu ya ombwe ikiwepo, vuta hewa dakika 5 kabla epoksi haijashika. Isipokuwepo, pasha kipande hadi nyuzi 45 kabla ya kumimina, mimina kidogo kidogo kutoka upande mmoja, kisha acha saa 24. Matundu yasiyojaa yatameza punje za msasa wa mwanzo na kuzitema kwenye hatua ya mwisho, ndipo unapoona mikwaruzo mirefu isiyoisha.

Sugua kwa msasa wa maji juu ya kioo bapa: namba 120, 240, 400, 600, 1200. Kila namba dakika 2 hadi 3, upande mmoja tu, kisha ukibadilisha namba geuza sampuli robo duara. Mikwaruzo ya namba iliyotangulia itakatiza mipya, na usihamie namba inayofuata hadi iishe. Osha sampuli na mikono kati ya namba. Baada ya hapo tumia pasta ya almasi ya maikroni 6, 3, na mwisho 1, juu ya kitambaa kigumu. Kitambaa chenye manyoya marefu hula madini laini na kuacha yaliyo magumu yameinuka kama vilima, na chini ya hadubini kingo zote zitakuwa na kivuli.

Kwenye hatua za almasi acha maji. Tumia spiriti au mafuta mepesi, suuza kwa spiriti, kausha papo hapo kwa hewa ya moto. Matone ya chuma hupata kutu ndani ya dakika chache kwa unyevu wa pwani, na kutu hiyo mpya hufanana na ya kale.

Chini ya hadubini

Hapa ndipo jiwe linapoanza kusema. Unahitaji hadubini ya mwanga unaoshuka kutoka juu kupitia lenzi na kuakisiwa, ile ya jiolojia ya mitapo au ya uchunguzi wa vyuma. Hadubini ya baiolojia yenye taa chini haifai, sampuli haipitishi mwanga. Kumulika kwa taa ya pembeni nako kunapotosha: chuma kilichong'arishwa kitaonekana cheusi kwa sababu mwanga wake unaakisiwa kwenda upande mwingine.

Anza na ukuzaji wa mara 50, uzunguke sampuli nzima kabla ya kupandisha. Halafu 100, 200, na 500 kwa mambo madogo. Panga unachokiona kwa mng'ao, kutoka kilicho cheupe zaidi.

Cheupe kabisa, kinachometa kama sarafu mpya, ni chuma. Mara nyingi ni matone au nyuzi zilizopinda. Kikiwa kimezungukwa na kijivu-buluu chenye wekundu ndani, hiyo ni gothaiti iliyokila. Wakati mwingine chuma kimekwisha chote na umbo la tone limebaki.

Kijivu cheupe chenye matawi ya mviringo, kama jani la mnazi au mgongo wa samaki aliyeliwa, ni wustaiti. Kijivu cheupe chenye rangi ya kahawia kidogo na pembe kali ni magnetaiti. Tofauti ya pembe na mviringo ndiyo itakayokuokoa, kwani mng'ao wao unakaribiana. Mstari mwembamba wa magnetaiti unaokatiza sampuli una maana kubwa: ni ngozi ya mtiririko mmoja iliyogusa hewa kabla mtiririko mwingine haujaufunika. Ukiihesabu mistari hiyo, umehesabu mara ngapi mavi yalimwagika pale.

Kijivu cha kati, kinachojaza sehemu kubwa, ni fayalaiti. Soma umbo lake. Vipande virefu vyembamba vilivyojipanga sambamba kama makuti, vyenye mashimo katikati, viliganda haraka. Vipande vinene vyenye pande sita au nane vilipoa polepole, pengine chini ya tanuri. Katika mkato mmoja unaweza kuona vyembamba juu na vinene chini, na hapo ule mshale uliouchora kabla ya kukata unalipa.

Hersinaiti ina kijivu karibu sawa na fayalaiti, hivyo usiitafute kwa rangi. Itafute kwa umbo: vipande vidogo vya pembe, mraba au pembetatu, mara nyingi karibu na udongo wa tanuri ulioungana na mavi. Kijivu cheusi kabisa kilichobaki katikati ni kioo, na leusaiti ikiwepo hujificha humo ikiwa imefumana na nyuzi za wustaiti au fayalaiti.

Baada ya kutambua, hesabu. Gawa uso kwa gridi, andika kinachoangukia kwenye kila nukta, nukta 400 kwa sampuli. Ukipata wustaiti asilimia 30 kwa nukta 400, kosa lake ni takriban asilimia 4.6 juu au chini. Ukihesabu nukta 100 kosa linafika karibu 9, na huwezi kulinganisha tanuri na tanuri kwa kosa la namna hiyo. Usihesabu epoksi wala matundu.

Kupeleka maabara

Kuna vipimo vitatu vya maana, na vyote vinahitaji uombe kwa maneno sahihi. Dar es Salaam pana AMGC, Kituo cha Madini na Jiosayansi cha Afrika, huko Kunduchi na maabara za Chuo Kikuu. Dodoma ipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Piga simu kwanza uulize kipi kinafanya kazi kwa sasa.

Eksirei za mtawanyo, XRD, zinataja madini kwa nafasi za safu za fuwele. Peleka unga wa gramu 5 uliosagwa hadi usisikike mchanga kati ya vidole. Uliza kama mashine ina bomba la kobalti. Bomba la shaba huifanya chuma ing'ae na kuinua kelele za chini, na vilele vidogo (miinuko kwenye mchoro wa mashine) vinapotea. Kama ni shaba tu, omba monokromata, kifaa kinachochuja kelele hizo. Fayalaiti hutambulika kwa vilele vya angstromu (kipimo cha umbali kati ya safu za fuwele) 2.50, 2.83 na 3.56. Wustaiti ina 2.15 na 2.49. Tazama tatizo: 2.49 ya wustaiti inalala juu ya 2.50 ya fayalaiti, na magnetaiti ina 2.53 hapohapo jirani. Programu ya kompyuta ikisema wustaiti, tafuta 2.15. Isipokuwepo, hakuna wustaiti. Magnetaiti ithibitishe kwa 2.97. Na kumbuka XRD haioni kioo. Sampuli yenye kioo nusu nzima inaweza kutoa jibu la fayalaiti asilimia 100.

Eksirei za mng'ao, XRF, zinatoa kemia ya jumla. Peleka gramu 50 kutoka kwenye kiini, ukiwa umeondoa ngozi ya kutu. Omba isagwe kwenye kinu cha agati, jiwe gumu la silika; kinu cha chuma huongeza chuma na kromi, cha tangsteni huongeza tangsteni na kobalti. Maabara itaandika chuma chote kama Fe₂O₃. Zidisha kwa 0.90 kupata FeO: 68.0 inakuwa 61.2. Usishtuke jumla ikizidi 100 au upungufu wa kuchomwa (uzito ambao sampuli hupoteza ikichomwa) ukisomeka hasi. FeO ikiungua hunyonya oksijeni, na mavi yenye FeO asilimia 60 yanaweza kuongezeka uzito karibu asilimia 6.7. Maabara isiyozoea mavi ya chuma inaweza kuirekebisha namba hiyo ikidhani ni kosa, kwa hiyo waambie mapema.

Hadubini ya elektroni hutumika pale macho yanapogonga mwamba, hasa kwa titaniamu. Omba picha za elektroni zinazorudi nyuma na vipimo vya maeneo matano kwa ukuzaji wa mara 100. Kumbuka kifaa chake cha kemia hupima oksijeni kwa udhaifu, hivyo si cha kutenganisha wustaiti na magnetaiti. Umbo na XRD vinafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kusoma matokeo

Katika fayalaiti safi, FeO ni asilimia 70.5 na silika 29.5, uwiano wa 2.39. Gawanya FeO yako kwa silika yako. Ikizidi 2.4 kwa mbali, kuna chuma cha ziada, na tarajia kuiona wustaiti. Mfano wetu wa 61.2 ukiwa na silika 22.0 unatoa 2.78. Ukipata uwiano huo lakini hadubini haioni wustaiti, jibu liko kwenye kutu, matone ya chuma, au hersinaiti iliyochukua sehemu yake.

Wustaiti nyingi maana yake chuma kingi kilipotea kwenye mavi. Usikimbilie kumwita fundi wa kale mzembe. Katika tanuri la mkaa lisilofikia kuyeyusha chuma chenyewe (nyuzi 1538), oksaidi ya chuma ndiyo iliyokuwa dawa ya kuifanya silika iyeyuke na kutiririka kwenye nyuzi 1200 au pungufu. Chuma kilichopotea kilikuwa gharama ya kupata donge safi, na fundi aliijua.

Titaniamu ndiyo inayotuvutia zaidi katika Afrika Mashariki. Ulvospineli na ilmenaiti zikijaa, mtapo ulikuwa mchanga mweusi na si jiwe jekundu. Huko Upare mafundi walikusanya mchanga wa namna hiyo kwenye mito. Kwa mavi ya pwani swali hili bado linafaa kuulizwa kwa kila eneo, kwa kulinganisha na mchanga wa jirani. Kalisiamu kwenye olivini (kundi la madini ambamo fayalaiti imo) au kioo inaweza kutoka kwenye majivu ya mkaa, lakini pwani uwe mwangalifu: vipande vya matumbawe na makome vilivyoshika matunduni vinaipandisha kalisiamu ya XRF bila kuwahi kuona moto.

Jambo moja madini peke yake hayawezi kuliamua: kama mavi yalitoka kwenye kuyeyusha mtapo au kwenye kufua. Yote mawili yana fayalaiti, wustaiti na kioo. Mavi ya mhunzi hutambulika kwa umbo la bakuli lililobinuka chini, kwa magamba ya nyundo yanayoshikwa na sumaku kwenye udongo wa pembeni, na kwa uchache wa rundo. Ripoti inayosema "fayalaiti ipo, kwa hiyo palikuwa na tanuri la kuyeyushia" irudishe kwa mwandishi.

Ukikutana na mavi ya shaba au risasi

Makumbusho na watoza mawe hubadilishana sampuli za Ulaya ya zama za kati, kama za Rammelsberg, Ujerumani, ambako uchimbaji unatajwa tangu mwaka 968. Hapo fayalaiti na magnetaiti zipo pia, lakini pamoja nazo kuna matone ya rangi ya waridi ya shaba, na madini ya shaba: kalkosaiti ya kijivu-buluu, bornaiti, na malakaiti ya kijani matunduni. Mavi ya risasi hutoa madini meupe ya risasi, serusaiti na anglesaiti. Yakikaa baharini, kama ya kale ya Laurion huko Ugiriki, hujenga lorionaiti, PbCl(OH). Usilambe, usisage nje ya kabati la maabara la kuvuta hewa, nawa mikono. Mavi ya kijani au buluu yenye kioo kitupu na chuma kidogo ni ya tanuri refu la chuma kilichoyeyuka kabisa, kama Lapphyttan ya Uswidi, na hayafanani kwa lolote na ya kwetu.

Kuhifadhi

Sampuli iliyong'arishwa iweke kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na gramu 50 za jeli ya silika yenye rangi ya kuonyesha unyevu. Andika kwa penseli, kwani wino hufifia: eneo, mraba, tarehe, namba ya kipande, upande wa juu, na msasa wa mwisho uliotumia. Karatasi moja ndani ya kopo, nyingine nje, na namba ileile ikwaruzwe nyuma ya epoksi. Jeli ikibadilika rangi, ikaushe nyuzi 120 kwa saa 2 kisha uirudishe. Msimu wa masika ikague kila wiki.